Betri Mbili

Mara ya kwanza nilipomwona Mzee Masalu amekufa, alikuwa amevaa soksi za zambarau. Nilikuwa na siku tatu tu Mwanza, nimetoka Sengerema kuja kusomea uhazili, na Mama Lusia, mwenye nyumba niliyotafutiwa na parokia, alinipeleka ukumbini Jumanne jioni bila kunieleza tunakwenda kufanya nini. Nikamkuta mumewe, ambaye asubuhi ile ile alinimiminia uji, amelazwa juu ya meza mbili zilizounganishwa, shuka hadi kidevuni, na watu wazima wamemzunguka wanagombania ng'ombe wake. Nilipiga ukunga. Maiti akafumbua jicho moja, akasema, "Tulia mwanangu, ni mazoezi," akalifumba tena. Baada ya hapo nilimwona akifa kila Jumanne na kila Alhamisi kwa miezi kadhaa. Kwa hiyo Lusia aliponiandikia mwezi uliopita, maneno matatu tu, "Baba ametutoka. Njoo," kitu cha kwanza nilichofanya ni kucheka. Nilicheka peke yangu jikoni, mwiko mkononi, halafu nikakaa kwenye kigoda nikalia mpaka maharage yakaungua.

Nilivuka kwa kivuko cha Kamanga Jumamosi asubuhi. Mtu akienda msibani huwa anapanga maneno ya kumpa mfiwa. Mimi nilikuwa napanga maneno ya kuungama. Kuna jambo moja nililomficha Mama Lusia tangu nikiwa na miaka kumi na tisa, jambo dogo la kuingia kwenye mfuko wa sketi, na kila nilipomtembelea miaka yote hii nilikunywa chai yake, nikala samaki wake, nikarudi nalo Sengerema kama nilivyokwenda nalo. Nilijiambia kwamba mumewe akiwa hai si haki yangu kulisema, maana yeye ndiye aliyeamua lisisemwe. Sasa kisingizio hicho nacho kilikuwa kinakwenda kuzikwa. Nilisimama kwenye kivuko nikiangalia mawe ya mjini yakikaribia, nikajiona ni mwoga yule yule, isipokuwa magoti ndiyo yameanza kuuma.

Nyumba yao ilikuwa Kirumba, mtaa wa nyuma ya uwanja wa mpira, karibu kiasi kwamba shuti likipaa sana watoto walilisubiri barabarani. Nilipewa chumba cha Lusia, ambaye alikuwa ameolewa Bukoba mwaka ule ule na kuacha kitanda cha chuma, kioo chenye ufa na pazia lisilofika chini. Sebule ndiyo iliyonishangaza. Ukuta mmoja ulikuwa wa Mzee: picha za timu ya Furu za misimu yote, wachezaji wamechuchumaa na nywele zao nyingi, na pembe la ng'ombe alilolipuliza uwanjani limening'inizwa kwa ugwe wa nyavu, maana kazi yake ilikuwa kushona nyavu pale Mwaloni, kwenye soko la samaki. Ukuta wa pili ulikuwa wa Mama: picha za maigizo, vinyago viwili, ngoma ndogo, na msumari wenye mataji ya karatasi ya wafalme waliokwisha kuuawa jukwaani. Katikati, juu ya kabati la vyombo, ilikaa redio. Redio haikuwa ya mtu. Jumamosi ilikuwa ya Mama kwa ajili ya michezo ya kuigiza, na Jumapili ilikuwa ya Mzee kwa ajili ya mpira, na hata fundi alipokuja kuitengeneza walimlipa nusu kwa nusu.

Sheria hiyo haikuhusu redio tu, ilikuwa sheria ya ndoa yao nzima, na sijaiona katika nyumba nyingine yoyote. Jumamosi Mzee alifuatana na mkewe kwenye maigizo, popote yalipo: ukumbi wa parokia, shule ya msingi, hata chuoni Nyegezi wanafunzi walipokuwa na onyesho. Jumapili, baada ya misa ya kwanza, Mama alijifunga kitenge cha zambarau, rangi ya Furu, akafuatana na mumewe uwanjani. Hakuna aliyeruhusiwa kusema anaumwa kichwa. Mama uwanjani alifuma vitambaa vya makochi na kunyanyua macho pale tu mtu alipoanguka. "Yule anaanguka vizuri," angesema. "Angalia mkono. Anajua tunamtazama." Mzee naye ukumbini alikaa na pembe lake mapajani, na mwigizaji akisahau maneno alinong'ona kwa sauti ya kusikika mistari mitatu nyuma, "Kadi ya njano hiyo." Mimi niliwekwa katikati yao kote kote, na mfuko wa matobolwa, viazi vilivyochemshwa na kukaushwa, wa kutafuna, na ndivyo nilivyopata magonjwa yote mawili kwa mwaka mmoja. Baadaye, nilipoolewa, nilimpendekezea mume wangu, Mungu amrehemu, utaratibu huo huo. Akaniuliza kama nimekula kitu kibaya.

Nyumba nyingi za mtaa ule kuta zake hazikufika kwenye bati, kwa hiyo alfajiri, kabla ya kengele ya kanisa, nilisikia kila neno la chumba cha pili. Walikuwa wanaongea kabla ya kuamka, taratibu, kama watu wanaopanga safari. "Baba Lusia, yule kipa wenu nampenda. Angeweza kuniigizia shemeji mlevi." Halafu Mzee, kwa Kiswahili chake cha Kisukuma, ambacho hakikuelewana sana na r na kilimwita mke mayu, yaani mama: "Na yule shemeji mlevi wako angefaa kukaa golini, mayu. Akiwa amelala langoni hakuna kinachopita." Kisha vicheko vya chinichini, vya watu wanaodhani msichana wa watu amelala. Nilikuwa nabana shuka mdomoni. Sikuwa nimewahi kusikia mume na mke wakichekeshana wakiwa peke yao, na nilidhani kwa muda mrefu kwamba kila ndoa ina kitu hicho, imefichwa tu nyuma ya ukuta unaofika juu.

Sheria nyingine ya nyumba ilikuwa ya jikoni: siku ya mechi furu hapikwi. Wiki nzima tungeweza kula wale samaki wadogo kwa ugali wa muhogo mpaka tukachoka, lakini siku timu inacheza, Mzee hakutaka hata harufu yake ukutani. Mama aliyeyasoma maandiko yote ya parokia alisema huo ni upagani, na hakuwahi kuivunja hata mara moja. Siku hizo tulikula dagaa au michembe ya viazi vikavu na karanga. Ilikuwa ni jikoni humo humo, akiparua magamba, ndipo Mama alipokuwa akikariri maneno ya mchezo wake. Aliutunga mwenyewe, kwenye daftari la shule lenye jalada la bluu. Ulikuwa ni mchezo wa msiba. Mwanamume amekufa, amelazwa katikati ya jukwaa mwanzo hadi mwisho. Ndugu zake wanakuja na kugawana kila kitu mbele yake, ng'ombe, baiskeli, hata viatu. Mjane amekaa pembeni hasemi neno. Wanapomaliza kugawana na kuondoka, anabaki mjane, binti yake na maiti, na hapo ndipo mjane anasimama na kuongea kwa mara ya kwanza.

"Umelala, na mimi bado sijamaliza kuongea na wewe," alianza, kisu mkononi, akimwambia sato aliyekuwa kwenye sinia. "Nilikuwekea maneno ya jioni, jioni ukarudi umechoka. Nikayaweka ya Jumapili, Jumapili ukawa na wageni. Nikasema nitayaweka ya uzeeni, tukiwa wawili tu, hakuna wa kutukatiza. Sasa nani atayapokea haya maneno? Ndugu zako wamebeba kila kitu, haya hawakuyataka." Yalikuwa marefu, kama robo saa, na aliyajua yote bila daftari. Mimi nilikuwa binti. Nilikuwa na sentensi moja ya mwisho kabisa, baada ya yeye kunyamaza na kunitazama: "Mama, amesikia. Twende ndani." Mchezo unaishia hapo. Nilikuwa naisema sentensi hiyo nikienda darasani, nikirudi, nikipiga chapa. Mzee Masalu alipewa kazi ya maiti kwa sababu alikuwa hana uwezo wa kukariri chochote. Mchezo uliotangulia alikuwa na neno moja tu, "Karibuni," na siku ya onyesho alisimama nalo mlangoni, akahema, akasema, "Kwaherini."

Padri alikuwa amemwahidi Mama kwamba mchezo ukipokelewa vizuri, kikundi kitapelekwa kuuonyesha parokia nyingine za kando ya ziwa, Ukerewe, Musoma, mpaka Bukoba kwa Lusia. Mama hakuwa mtu wa kujisifu, lakini nilimwona mara mbili akikunja nguo za jukwaani na kuzipima kama zitaenea kwenye sanduku. Siku ikapangwa, Jumamosi saa tisa. Wiki ile ile ikatangazwa kwamba mechi ya mwisho ya msimu, Furu na timu moja kubwa ya kutoka Dar, haitachezwa Jumapili, kwa sababu uwanja umechukuliwa kwa mkutano wa injili. Itachezwa Jumamosi saa kumi. Na haikuwa mechi ya kawaida: Furu wasiposhinda wanashuka daraja. Mzee aliletewa habari hiyo tukiwa mezani. Aliweka tonge chini. Mama hakunyanyua uso, aliendelea kuchambua mwiba wake mpaka mwisho.

"Baba Lusia," alisema, "miaka yote sijawahi kukuomba uache mpira."

"Hujawahi, mayu."

"Nakuomba siku moja. Robo saa ya mwisho, ninapoongea, usitikisike hata ukucha. Dakika zile nyingine ukikohoa tutasema ni upepo."

"Maiti hatikisiki," akasema Mzee, na alisema kweli, alikuwa amekubali. Kesho yake alikwenda kumkabidhi jirani pembe lake amshikie. Mama lakini alimjua mumewe. Jumamosi asubuhi aliishusha redio, akatoa betri zote mbili, akazifukia kwenye debe la unga mbele yangu, akanikazia macho, akaenda ukumbini kupanga viti.

Ningependa sana kuandika hapa kwamba Mzee aliniomba. Hakuniomba. Saa sita nilipita sebuleni nikamkuta amekaa kwenye kochi, amevaa tayari kanzu nyeupe ya maiti na zile soksi zake, ameishika redio tupu sikioni. Haikuwa na betri, na alijua haina. Alikuwa anaisikiliza hivyo hivyo. Nje mashabiki walikuwa wanapita na ngoma, mtaa mzima zambarau, na kila kundi lilipopita alifumba macho. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa Furu damudamu. Nilimwonea huruma, na, niseme lote, nilitaka matokeo mimi mwenyewe. Nikaingia chumbani, nikafungua tochi yangu ya kwendea choo cha nje, nikamtolea betri mbili. Alizitazama kwenye kiganja changu muda mrefu. "Mwanangu Anasta," akasema, "hizi zitatuletea kesi." Akazipokea. Tukakubaliana: redio chini ya mto, kile kidude cha sikioni kwenye sikio la upande wa ukuta, na mimi, kwa kuwa ndiye binti ninayemfunika shuka, ndiye nitakayevifunika vyote. Hakuna mtu atakayejua, nilimwambia, na nilimwambia kwa uhakika mkubwa sana.

Ukumbi ulijaa. Wanawake walijaa kwa sababu ya Mama, na wanaume walikuwepo wale waliokosa nafasi uwanjani, wamekaa karibu na madirisha kwa makusudi. Padri alikaa mbele na wageni wake. Mchezo ulikwenda vizuri kuliko mazoezi yote. Ndugu wa marehemu waligombania viatu mpaka bibi mmoja wa mstari wa pili akawaita wezi kwa sauti. Mimi nilikuwa nimepiga magoti miguuni kwa maiti, na kwa pale nilipokuwa niliona kitu ambacho hadhira haikukiona: chini ya shuka, kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa kinacheza mpira. Kilipiga kona. Kilikataa penalti. Nikakifinya. Kikatulia, kikaanza tena. Ndugu wakaondoka na mali zao, jukwaa likabaki na sisi watatu, na Mama akasimama. Alikuwa amevaa kaniki nyeusi. Ukumbi ulinyamaza kiasi kwamba nilisikia sauti ya mtangazaji, ndogo kama mbu, ikitoka chini ya mto wa maiti. Nikamwomba Mungu dakika ziishe.

"Umelala," akaanza Mama, "na mimi bado sijamaliza—"

Bati lilitikisika. Ule mshindo wa uwanja mzima ukaingia kwa madirisha yote kwa pamoja, na maiti akaketi. Aliketi wima na shuka kichwani, mikono juu, akapaza sauti, "Goli! Goooli! Mayu, tumepona!" Waya ukachomoka kwenye redio, na mtangazaji aliyekuwa mbu akawa mtu mzima, anapiga kelele kutoka kwenye mto wa kifo. Bibi wa mstari wa pili aliruka benchi, sijui aliipata wapi nguvu, akatoka nje akiliita jina la Bwana. Wanaume wa madirishani wakatoka kwa madirisha. Waliobaki, baada ya kuelewa, walianza kucheka, na kicheko kikapanda mpaka Padri mwenyewe akashika kiti cha jirani yake asianguke. Mzee akaiondoa shuka usoni, akamwona mkewe. Mama alikuwa amesimama pale pale, mkono wake bado umenyooshwa kwa yule aliyekuwa anaongea naye. Aliushusha. Akaja, akaichukua redio, akaizima, akaitia kwenye kikapu chake, akatoka kwa mlango wa nyuma na kaniki yake, akaenda nyumbani akipishana na mashabiki waliokuwa wanaimba.

Jioni ile aliifungua redio mezani, akatoa betri, akaziweka mbele ya mumewe. "Hizi si zangu. Za kwangu ziko kwenye unga." Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la ugali. Najua kabisa kwamba ilikuwa zamu yangu kusema. "Umezitoa wapi?" akauliza Mama. Mzee alizitazama zile betri, hakunitazama mimi hata kwa pembe ya jicho. "Betri ni betri, Mama Lusia," akasema. "Kosa ni langu." Basi. Hakuongeza neno siku ile wala siku nyingine. Kesho yake, Jumapili, mahubiri ya uwanjani yalituingilia dirishani mchana kutwa, mambo ya toba. Mama alipika kwa watu watatu, akapakua kwa watu watatu. Chakula Mzee alikipata, maneno hakuyapata. Alfajiri nilisikiliza ng'ambo ya ukuta na hakukuwa na kitu, vitanda tu vikilia watu wanapogeuka.

Katikati ya wiki Padri alikuja. Alikaa, akanywa chai, akasema watu wanaulizia mchezo, wanautaka tena, parokia nyingine nazo zimesikia. Mama akanyanyuka kidogo kwenye kiti. "Wanampenda sana yule maiti anayeamka," akasema Padri, na hakuwa na ubaya wowote, alikuwa anafurahi. Mama akakaa tena. Alimshukuru kwa adabu zote. Padri alipoondoka alilichukua daftari la bluu, akalisukuma chini ya godoro lake. "Mimi sikuandika kichekesho," alisema, hakumwambia yeyote hasa. Kikundi kizima kilikuja kumbembeleza, hakulitoa. Furu walibaki daraja lao, kwa lile goli. Mchezo wa Mama ulikufa kwa lile lile. Nimeishi na hesabu hiyo maisha yangu yote na sijawahi kuifanya ikae sawa.

Adhabu ya Mzee alijipa mwenyewe. Msimu mpya ulianza na hakwenda. Jumapili baada ya misa alitoa kiti barazani, akakaa ameelekea uwanjani, mikono mapajani, na kila kelele ilipokuja aliipokea bila kuuliza ni ya nani. Pembe aliliacha kwa jirani. Jumamosi alikwenda na mkewe kwenye maigizo ya watu wengine, akakaa, hakutoa kadi kwa mtu. Wiki saba. Mimi nilikuwa naonyesha bidii ya ajabu kwenye kuosha vyombo. Jumapili ya nane, Mama alitoka chumbani amejifunga kitenge cha zambarau. Alisimama mbele ya kiti. "Umekaa hapo kama mzigo uliosahauliwa stendi," akamwambia. "Vaa viatu. Nikikaa nyumbani na wewe nitafuma vitambaa vya nyumba ya nani?" Mzee akaingia ndani kutafuta viatu ambavyo alikuwa amevivaa. Tulikwenda wote watatu. Furu walifungwa mabao matatu, na sikumbuki siku niliyotoka uwanjani na furaha kuliko ile. Alfajiri iliyofuata ukuta ulianza kuongea tena. Miezi michache baadaye nilimaliza masomo, nikarudi Sengerema na cheti changu, na tochi.

Nilipofika Jumamosi ile ya msiba, turubai lilikuwa limefungwa uani na wanaume wamekaa kwenye viti vya plastiki. Lusia, ambaye sasa naye ana mvi, alinipokea mzigo, akanipitisha jikoni, ambako wanawake walikuwa wanachambua dagaa. "Mama amekataza furu," akaninong'oneza. "Leo wanacheza." Mzee aliletwa kutoka hospitali saa nane. Jeneza liliwekwa sebuleni, upande wa ukuta wake, chini ya picha. Limefunguliwa sehemu ya uso. Mazishi yalikuwa kesho. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na kichwa chake, mdogo kuliko nilivyomwacha, macho makavu. Hakuwa amelia tangu Alhamisi, siku aliyofariki Mzee, Lusia aliniambia, na hilo ndilo lililokuwa linawatisha. "Shikamoo mama," nikasema. "Marahaba, Anasta. Umekuja. Kaa hapa, usikae mbali."

Ilipofika saa kumi na moja hivi, kelele za uwanja zikaanza kupanda, na mama mmoja kijana, mgeni wa mtaa, akauliza kama hawawezi kuwaambia wapunguze. Mama Lusia akatabasamu. Akaanza kuwasimulia habari ya maiti na redio, na alisimulia vizuri, na wanawake waliokuwa wameshika vichwa wakaanza kutikisika mabega. "Sasa mimi mpaka leo nauliza kitu kimoja," akamalizia. "Betri. Za nyumba nilizificha mwenyewe kwenye unga. Asubuhi ile hakutoka nje, jirani alinithibitishia. Nimemuuliza akiwa mzima, nimemuuliza akiwa mgonjwa, juzi juzi tu nimemuuliza. Ananiambia, betri ni betri. Amekwenda na jibu lake."

"Mama," nikasema, "zilikuwa za tochi yangu."

Vicheko vilikatika. Nilisema yote, haraka, kichwa chini: kwamba hakuniomba, kwamba mimi ndiye niliyefunika, kwamba nilisimama mlangoni na sinia nikamwacha achukue kosa langu. Nilipomaliza sikuthubutu kunyanyua uso. Niliona mkono wake ukiondoka kwenye paja, nikadhani unakuja kwangu. Ulikwenda kwenye jeneza. "Huyu mtu," akasema Mama taratibu. "Hakukutaja hata kwangu. Huyu mtu." Akaupapasa ule ubao muda mrefu. Halafu akanigeukia. "Hiyo simu yako ndogo ina redio?"

Ina redio, na ina tochi pia. Ni simu ya vitufe, sijapenda zile kubwa. Lusia akasema, "Mama, jamani," lakini Mama alikuwa amekwisha kunyoosha mkono. "Iweke hapo kwenye mto. Alikuwa anapenda hapo." Nikaitafuta stesheni ya mjini, nikaiweka. Sifuri kwa sifuri, dakika zinakwisha. Chumba kizima kikasikiliza, hata wale wasiojua mpira, hata mama mlezi wa jumuiya mwenye rozari yake. Mtangazaji akaanza kupanda sauti. Akapanda tena. Kisha uwanja ukalipuka, bati likatikisika kama lilivyotikisika siku ile, uani viti vya plastiki vikasukumwa na wanaume wakanyanyuka, wakakumbuka walipo, wakakaa. Furu walikuwa wamefunga.

Hakuna mwanamke aliyekuwa anaiangalia simu. Sote tulikuwa tunamwangalia yeye. Lusia alikuwa ameziba mdomo. Mama alikuwa ameinama juu ya uso wa mumewe, karibu kabisa, kama mtu anayesubiri mtoto aamke, na alisubiri. Kelele zikapungua, mpira ukarudishwa katikati, mtangazaji akaendelea na mambo mengine. Alikuwa bado anasubiri. Hatimaye akanyooka.

"Zima," akaniambia. Nikazima. "Basi. Kweli amekufa."

Na hapo machozi yakamtoka, mengi, bila sauti. Akaniegemea begani, akasimama. Akakaza kanga yake kiunoni, akanyoosha mkono juu ya jeneza, na kabla hajafungua mdomo nilikwisha kujua. "Umelala," akasema, "na mimi bado sijamaliza kuongea na wewe." Wanawake walidhani anaomboleza, wakaanza kuitikia kwa vilio vya chini. Mimi nilikuwa nayajua maneno, moja baada ya jingine, ya jioni, ya Jumapili, ya uzeeni tukiwa wawili tu. Hakuruka hata moja. Alisema yote, na safari hii maiti hakutikisa hata ukucha. Alipofika mwisho alinyamaza, akageuka, akanitazama, kama tulivyokuwa tukifanya kila Jumanne na kila Alhamisi.

"Mama," nikasema, "amesikia. Twende ndani."

Tulikuwa ndani tayari, hapakuwa na pa kwenda. Akanipa mkono hivyo hivyo, kama alivyoandika kwenye daftari.